Simu za mezani za intaneti kwa ofisi ndogo: simu yenyewe chagua mwisho

Ofisi ndogo ikiamua kuhamia kwenye simu za intaneti, kawaida kinachofanyika kwanza ni mtu kufungua picha za simu na kuanza kulinganisha, hii ina skrini ya rangi, hii ina vitufe vingi, hii ina kamera, hii bei yake nafuu, haya tuchukue nane. Simu zinafika, zinachomekwa, na hapo ndo inajulikana kwamba kampuni ya huduma haizitambui simu za aina hiyo, au inazitambua ila swichi ya mtandao ya ofisini, kile kiboksi ambacho kebo zote zinachomekwa, haina umeme wa kuzilisha, au kila kitu kiko sawa ila mteja akipiga anasikia nusu ya maneno. Simu zenyewe ziko poa kabisa. Kilichoharibika ni mpangilio wa manunuzi, manake katika mfumo huu mzima simu ya mezani ndo kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha, na ndo inayotegemea vingine vyote, kwa hiyo inachaguliwa mwisho.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi, kwa kifupi tu, ila usiruke hapa kwa sababu mambo mengi ya mbele yanatokea hapa. Simu ya kizamani ilikuwa na waya wake wa shaba kutoka kwenye mitambo ya kampuni ya simu, na waya huohuo ulileta sauti ukaleta na umeme. Simu ya intaneti ni kompyuta ndogo yenye mkonga. Ukiiwasha inaomba anwani ya IP, yaani namba yake ya utambulisho kwenye mtandao, kutoka kwenye ruta, kile kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti, afu inaenda kujisajili kwenye sava ya simu, yaani inasema mimi ni namba ya ndani 102, paswedi yangu hii hapa, mtu akinitafuta nilete huku. Lugha inayotumika karibu kila mahali kwa kazi hiyo ni SIP, ambayo ilitoka rasmi mwaka 1999 na ikaandikwa upya 2002, na hiyo ya 2002 ndo msingi unaotumika mpaka leo.

Sasa SIP kazi yake ni ya mshenga. Inapeleka habari, inaulizia kama upande wa pili upo tayari, wakishakubaliana inakaa pembeni. Sauti haipiti humo. Sauti ina njia yake nyingine, inaitwa RTP, ambapo maongezi yanakatwa vipande vidogo vidogo, kawaida kila kipande kinabeba milisekunde 20, na vinatumwa mbio mbio bila kungoja majibu kama vimefika au la. Ukishaelewa kwamba ni njia mbili tofauti, ule ugonjwa maarufu wa simu za intaneti unakuwa hauna maajabu tena: simu inaita vizuri, unapokea, unamsikia mteja ila yeye hakusikii. Mshenga kafika, sauti imezuiwa njiani, na mara nyingi aliyeizuia ni ruta ya ofisi. Hapo hata ubadilishe simu mara tatu hali itakuwa ileile.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atakuwa nyuma ya hizo simu. Kuna njia tatu hivi. Ya kwanza ni kulipia huduma kwa kampuni ambayo sava iko kwao, we unapewa akaunti tu kwa kila mfanyakazi na unalipa kwa mwezi. Ya pili ni kuwa na mtambo wako mwenyewe, na hapa jina kubwa ni Asterisk, programu ya bure aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999, ambayo watu wengi wanaitumia kupitia FreePBX kwa sababu ina menyu za kubofya badala ya kuandika mafaili ya maandishi. Ya tatu ni kutumia kitu ambacho ofisi inacho tayari kama Microsoft Teams au Zoom na kuongezea huduma ya simu juu yake. Kwa maoni yangu ofisi ya watu chini ya 15 ambayo haina mtu wa IT wa kudumu haina sababu ya kuwa na mtambo wake. Sio kwamba Asterisk ni mbaya, ni nzuri sana, ila siku ikigoma asubuhi na wateja wanapiga, nani ataifungua? Kama jibu ni "kuna kijana huwa anakuja", lipia huduma ya kila mwezi ulale.

Ukishajua huduma, omba orodha ya simu wanazozikubali. Kila kampuni inayojielewa inayo. Simu yoyote ya SIP kinadharia itaongea na sava yoyote ya SIP, na kweli kupiga na kupokea utafanikiwa, lakini vile vitu vya kiofisi, kuona nani yuko kwenye simu, kuhamisha simu kwa kitufe kimoja, simu kujipanga yenyewe ikichomekwa, hivyo vinategemea sana kama huduma imewahi kuijaribu simu hiyo. Na simu ikiwa nje ya orodha, siku ukipiga kuomba msaada jibu la kwanza utakalopewa ni hilohilo, kwamba simu yako hatuihudumii, na mazungumzo yanaishia hapo.

Hapa kuna mtego mmoja wa kuangalia sana, hasa kwa wanaonunua mtumba. Simu zingine kwa nje ni simu za intaneti kabisa lakini haziongei SIP ya kawaida, au zimefungwa. Cisco ndo mfano unaojulikana zaidi. Wana itifaki yao wenyewe, yaani lugha yao ya simu, inayoitwa SCCP, watu wanaiita Skinny, na simu zao nyingi za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya mtambo wa Cisco tu. Hata zile mpya kidogo za familia ya 7800 na 8800 zipo za aina mbili, ya kufanya kazi na mtambo wa Cisco na ya kufanya kazi na huduma za watu wengine, sura ileile, na tofauti utaiona kwenye namba ya bidhaa ambapo hiyo ya pili ina maandishi 3PCC. Mtu anauza ya kwanza kwa bei ya kutupa, we unafurahi, afu unakesha. Na zipo simu za kampuni zingine ambazo mtoa huduma wa mwanzo alizifunga kwake, ukiiwasha tu inakimbilia kwenye sava yake ya zamani kutafuta maelekezo, hata ukiifuta yote inarudi kulekule. Ukinunua mtumba muulize muuzaji swali hilo moja kwa moja, na akijibu kwa kuzunguka zunguka achana nayo.

Mtumba una shida nyingine ambayo haionekani kwa macho, umri wa programu ya ndani. Simu inayowasiliana na sava kwa usalama inatumia TLS, njia ya kuficha mawasiliano, na matoleo ya zamani, TLS 1.0 na 1.1, yaliachishwa rasmi Machi 2021, kwa hiyo simu isiyojua 1.2 sava nyingi zinaikatalia mlangoni. Pia tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu kimoja cha zamani, yaani hati ya kuthibitisha kwamba sava ni yenyewe, ambacho saiti na sava nyingi zenye vyeti vya bure vya Let's Encrypt zilikuwa zinakitegemea kiliisha muda wake, na vifaa vingi vya zamani ambavyo havikuwa vimepata masasisho vikaanza kukataa sava ambazo jana yake vilikuwa vinaongea nazo vizuri. Simu ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho itafanya kazi leo, na siku moja itaacha bila mtu yeyote kuigusa.

Haya, kabla hujahesabu simu ngapi, hesabu watu ambao kweli wanahitaji simu ya mezani. Wapo wachache kuliko unavyodhani. Mapokezi anahitaji, bila mjadala, kwa sababu anapokea simu nyingi, anahamisha, anaangalia nani yupo. Mtu wa mauzo anayeshinda kwenye simu anahitaji, au anahitaji hedseti nzuri na programu kwenye kompyuta. Chumba cha mkutano kinahitaji kitu chenye spika nzuri. Stoo au mlangoni panahitaji simu ya kawaida kabisa ambayo mtu yeyote anainua na kubonyeza. Lakini mhasibu anayepokea simu mbili kwa siku, na yule ambaye nusu ya wiki yuko nje kwa wateja, hao wape programu ya simu kwenye kompyuta au kwenye simu zao za mkononi, wanaingia na akaunti ileile ya namba yao ya ndani na mteja hajui tofauti. Hela uliyookoa hapo ipeleke kwenye swichi na UPS, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika, nitaeleza kwa nini.

Mtandao sasa. Hapa ndo penye kazi.

Watu wanaogopa kwamba simu zitamaliza intaneti. Hazimalizi. Sauti ya kawaida inabanwa kwa kodeki inaitwa G.711 ambayo inakula kilobiti 64 kwa sekunde, ukiongeza vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya anwani yanayobandikwa kwenye kila kipande, inafika kama kilobiti 87 kwenye kebo ya mtandao. Chukulia 100 kila upande ili hesabu iwe rahisi. Watu watano wakiongea kwa pamoja ni nusu megabiti kwenda na nusu megabiti kurudi, kitu kidogo sana. Ipo G.729 ambayo sauti yake inabanwa mpaka kilobiti 8, kwenye waya inakuwa kama 31, hiyo inafaa sehemu ambayo laini ni nyembamba kweli ila sauti inapungua ubora kidogo. Kwa hiyo spidi kubwa iliyoandikwa kwenye mkataba wa intaneti sio kitu cha kukupa usingizi wala cha kukunyima. Cha kuangalia ni upande wa kupandisha data, ambao kwenye laini nyingi ni mdogo kuliko wa kushusha, na kuangalia kinatokea nini pale mtu mmoja anapopandisha faili kubwa au kompyuta zote zinapoanza kutuma nakala za akiba saa hiyohiyo. Pakiti za sauti zinakuta foleni kwenye ruta, zinachelewa, na simu ikishaona kipande hakijafika kwa wakati wake inakitupa, manake kipande cha neno kikifika baada ya neno kupita hakina faida. Hapo ndo sauti inaanza kukatika katika.

Vipimo vya kukumbuka ni vitatu. Sauti ichukue chini ya milisekunde 150 kutoka mdomo mmoja hadi sikio la pili, hiyo ni kwa mujibu wa pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linaloitwa G.114, ikizidi sana watu wanaanza kukatizana maneno maana kila mmoja anadhani mwenzake amemaliza. Pakiti zinazopotea zisifike asilimia 1. Na kuchelewa kusiwe kwa kuruka ruka, hii pakiti milisekunde 20, inayofuata 90, inayofuata 30. Simu ina akiba ndogo ya kusawazisha hiyo tofauti ila akiba ina kikomo. Intaneti ya spidi ndogo iliyotulia ni bora mara kumi kwa simu kuliko ya spidi kubwa inayoyumba.

Dawa ya foleni ni kuiambia ruta sauti ipite kwanza. Simu nyingi zinajiwekea alama kwenye pakiti za sauti, namba 46 kwenye sehemu inayoitwa DSCP, na ruta nzuri ikipangwa inaziona na kuzipa kipaumbele. Ruta ya bure iliyokuja na laini ya intaneti mara nyingi haina hiyo kitu au inayo kwa jina tu. Kama kuna kifaa kimoja ningesema kinunuliwe cha maana katika mradi huu wote ni ruta, na sioni aibu kusema ununue simu za bei ya chini ili ruta iwe ya bei ya juu.

Na kwenye ruta hiyohiyo kuna mpangilio unaitwa SIP ALG. Uzime. Uliwekwa kwa nia nzuri, eti ruta isaidie simu kuvuka kwenda nje kwa kusahihisha anwani zilizomo ndani ya ujumbe wa SIP, ila kwenye ruta nyingi unasahihisha vibaya na kuharibu ujumbe ambao ulikuwa sawa, afu unapata mambo ya ajabu, sauti upande mmoja, simu zinakatika, simu inajisajili na kujitoa. Watoa huduma wengi hilo ndo jambo la kwanza watakalokuuliza, kwa hiyo lizime mapema kabla hata hujapiga simu ya kwanza. Kuna ruta ambazo haziruhusu kuuzima, hizo ni sababu tosha ya kuzibadilisha.

Kebo nazo. Simu ya mezani inaweza kutumia wifi, aina nyingine zimekuja nayo ndani, na kama hakuna namna utaitumia, ila kama kuna namna piga kebo. Wifi inashirikiana hewa na kila kitu humo ofisini na kwa jirani, na mtu anayeangalia video hatagundua kama data imekwama nusu sekunde ila mtu anayeongea na mteja atagundua. Ukipiga kebo unapata na faida ya pili, umeme. Swichi yenye PoE inapeleka umeme ndani ya kebo ileile ya mtandao, kwa hiyo simu haihitaji chaja wala soketi ukutani. Kiwango cha kwanza, 802.3af cha mwaka 2003, kinatoa wati 15.4 kwa kila poti na simu inapata uhakika wa kama wati 12.95, na simu nyingi za kawaida hazifiki hata 7, ni zile zenye skrini kubwa na video ndo zinakula zaidi. Unaponunua swichi usiangalie idadi ya poti zenye PoE peke yake, angalia na jumla ya wati, manake kuna swichi ya poti nane ambayo ukichomeka vifaa vinane vyenye njaa inaanza kuvizima kimoja kimoja.

Faida kubwa ya PoE inaonekana umeme ukikatika. Ile simu ya zamani ya waya wa shaba iliendelea kufanya kazi gizani kwa sababu umeme wake ulitoka kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Hii ya intaneti inazima pamoja na taa. Lakini kama simu zote zinakula kutoka kwenye swichi moja, unaweka UPS moja kwa swichi, ruta na modemu, na ofisi nzima inaendelea kuongea. Kila simu ikiwa na chaja yake utahitaji UPS kila meza, yaani hutafanya. Na waambie watu wa ofisini mapema kwamba simu ya dharura kupitia laini hii inaweza isionyeshe mlipo kama anwani haijasajiliwa kwa mtoa huduma au kama mmehama, hilo limalizwe siku ya kwanza.

Sasa ndo tunafika kwenye simu yenyewe, na utaona maswali mengi tayari yamejijibu.

Soma herufi ya mwisho ya jina. Sio utani. Watengenezaji wanauza simu ileile kwa majina yanayotofautiana herufi moja na hiyo herufi ndo yenye maana. Yealink T31 ya kawaida haina PoE, T31P inayo ila poti zake ni za megabiti 100, T31G inayo PoE na poti za gigabiti. Grandstream GRP2601 haina PoE, GRP2601P inayo, GRP2601W ina wifi. Mtu anaagiza isiyo na herufi kwa sababu ni nafuu kidogo afu anagundua inataka chaja, na kinyume chake pia kipo, unaagiza yenye PoE na swichi yako haina, na kwenye boksi hakuna chaja kwa sababu simu nyingi za PoE zinauzwa bila chaja.

Hiyo ya gigabiti nayo isikupite. Simu nyingi za mezani zina poti mbili nyuma, moja inatoka ukutani na nyingine inaenda kwenye kompyuta, ili usipige kebo mbili kwa kila meza. Vizuri sana, ila kama poti za simu ni za megabiti 100, kompyuta iliyo nyuma yake nayo inabaki na megabiti 100 hata kama swichi na kompyuta vyote ni vya gigabiti. Kwa anayetumia barua pepe na lahajedwali hataona. Kwa anayefungua mafaili makubwa kutoka kwenye sava ya ofisi ataona kila siku na hatajua kwamba mchawi ni simu.

Akaunti na vitufe, hapa watu wanachanganya sana. Karatasi ya simu inasema ina akaunti 2 za SIP na mtu anadhani inaweza kupokea simu mbili tu. Akaunti ni utambulisho, yaani namba ya ndani iliyojisajili, na akaunti moja inaweza kubeba simu kadhaa kwa pamoja, moja unaongea, nyingine inasubiri. Mfanyakazi wa kawaida anahitaji akaunti moja. Akaunti nyingi zinahitajika kama simu moja inapokea kwa niaba ya biashara mbili tofauti au ina namba ya mtu na namba ya idara. Vitufe ni kitu kingine, vile vyenye taa pembeni ya skrini, ambavyo unavipanga vionyeshe wenzako: taa kijani yuko huru, nyekundu anaongea, inawaka na kuzima anapigiwa. Kwa mapokezi hivyo vitufe ni kazi yote. Kwa hiyo mtu wa mapokezi mpe simu yenye vitufe vingi au yenye nafasi ya kuongezea paneli ya vitufe pembeni, na wengine wote wape ya kawaida. Kununua simu moja ya kifahari kwa kila mtu ni kupoteza hela, kununua ya chini kabisa kwa mapokezi ni kupoteza wateja.

Ubora wa sauti siku hizi sio tatizo kwenye simu yoyote ya kampuni inayojulikana. Tafuta kama ina G.722, kodeki ambayo inabeba sauti kutoka hezi 50 hadi 7000 wakati simu ya kawaida inaishia kati ya 300 na 3400, na utasikia tofauti unapoongea na mwenzako wa ofisini, s na f hazichanganyiki. Ukipiga nje inategemea njia nzima, kipande kimoja kikiwa cha kizamani sauti inarudi kuwa ya kawaida.

Hedseti angalia kichomeo. Kuna RJ9, kile kichomeo kidogo kama cha waya wa mkonga, kuna USB, kuna Bluetooth, na hedseti ambayo tayari ofisi inayo haitabadilika kwa ajili ya simu mpya. Mtu anayeongea masaa manne kwa siku atajali hedseti kuliko simu.

Kama kuna mtu anatembea tembea, stoo, karakana, bustanini, usimpe simu ya wifi, mpe ya DECT. Ni ile teknolojia ya simu za nyumbani zisizo na waya, ina masafa yake yenyewe kwa hiyo haigombani na wifi, betri inakaa, na kituo kimoja kinabeba mikonga mingi, mfano Yealink W70B inabeba mpaka 10. Jambo moja tu, masafa yanatofautiana, ya Ulaya ni megahezi 1880 hadi 1900 na ya Marekani 1920 hadi 1930, kwa hiyo ukiagiza kutoka nje hakikisha ni toleo linaloruhusiwa ulipo. Na kama kuna simu ya zamani mnayoipenda au mashine ya faksi, usiitupe, kuna adapta kama Grandstream HT801 inayoigeuza kuwa namba ya ndani kama zingine. Faksi lakini ina deko, uliza kama huduma ina T.38, njia maalumu ya kupitisha faksi kwenye intaneti, la sivyo kurasa zitafika nusu.

Usalama watu wanauruka kwa sababu simu haionekani kama kitu cha kuibiwa kwa mbali. Inaibiwa. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga poti 5060 kutafuta sava na simu zenye paswedi nyepesi, zikipata moja zinaanza kupiga namba za nje za gharama kubwa ambazo wenye nazo wanagawana mapato, na wanapenda usiku wa wikendi ambapo hakuna mtu ofisini. Bili inakuja kwako. Kwa hiyo badilisha paswedi ya kuingilia kwenye ukurasa wa simu, nyingi zimekuwa zikija na jina admin na paswedi admin na zinabaki hivyo miaka, usifungue ukurasa wa simu uonekane kutoka nje, paswedi za akaunti za SIP ziwe ndefu na zisizobahatishika, na mwambie mtoa huduma afunge nchi ambazo hampigi na aweke kikomo cha matumizi kwa siku. Hicho kikomo ndo kinga ya kweli, vingine vyote vikishindwa hicho kinabaki. Kama huduma inaruhusu TLS na SRTP, ambayo inaficha sauti yenyewe, ziwashe zote mbili, maana TLS peke yake inaficha mipango ya mshenga tu, sauti bado iko wazi.

Ukifika hapa usinunue simu nane. Nunua moja ya kila aina unayofikiria, ziunganishe na huduma halisi, na zitese. Piga simu nje huku mtu mwingine anapandisha faili kubwa usikie sauti inafanyaje. Hamisha simu kwa mwenzako, kwanza kwa kumuuliza kabla, afu bila kumuuliza. Iache simu masaa mawili bila kuigusa halafu ipigie kutoka nje, isipoita wakati yenyewe inaweza kupiga, ujue ruta imesahau njia ya kurudi na simu inatakiwa ipangwe iwe inajikumbusha kwa sava kila baada ya sekunde chache. Ongea nusu saa na zaidi, manake kuna tatizo ambalo halionekani kwenye majaribio ya dakika mbili, simu inakatika kwenye dakika ya 15 au ya 30 kamili kila mara, hiyo ni simu na sava zimeshindwa kuhakikishiana kama bado mko hewani, na mtoa huduma akiambiwa dakika kamili anajua pa kuangalia. Na mpe mtu wa mapokezi aitumie siku nzima, maoni yake yazidi ya bosi.

Uliza pia simu zitapangwaje. Njia nzuri ni ile ambayo mtoa huduma anaandika kwake namba ya MAC ya kila simu, ile ya kipekee ambayo kila simu inatoka nayo kiwandani, we ukichomeka inajitafutia maelekezo na kujipanga, na ikiharibika unachomeka nyingine inachukua nafasi. Kuingiza kwa mkono simu tatu ni sawa. Simu kumi na mbili kwa mkono, kila moja na kurasa zake za menyu, lazima moja itakosewa na utaitafuta wiki nzima.

Namba ya zamani ya ofisi, ile iliyo kwenye kadi na kwenye bango, omba kuihamisha kupitia mtoa huduma mpya na uiache laini ya zamani ikiwa hai na imelipiwa mpaka namba iwe imeshahama na umeipigia kutoka mitandao miwili mitatu tofauti ikaita kwenye meza yako. Ukikatisha laini kwanza namba inaweza kurudi kwa kampuni ya simu ya zamani, na kuipata tena inaweza isiwezekane.